Kwa nini Jumamosi asubuhi simu yangu huwa imezimwa

Mmezoea nikiwaandikia kuhusu seva, hifadhidata na vita vyangu visivyokwisha na programu za malipo. Leo naomba ruhusa niende kando kidogo. Kuna swali nimeulizwa na wateja, na wenzangu kazini, hata na mama mwenye nyumba: mbona Jumamosi kati ya saa tatu na saa sita hupatikani?

Kwa miaka minne nimelijibu kwa uongo. Siku moja nilisema niko garejini, siku nyingine nikasema mtandao umepotea. (Mimi! Mtu wa mitandao!) Ukweli ni kwamba Jumamosi asubuhi huwa niko Parklands, pekupeku, jasho likinitoka, nikijifunza densi ya Kihindi.

Najua mnachowaza. Si ile ya filamu, ya kuzunguka miti mvua ikinyesha. Akademia ya taifa ya sanaa kule India, Sangeet Natak Akademi, inatambua densi nane kuwa za kale na za kanuni: kuna Kathak ya kaskazini, Odissi, Kathakali, Kuchipudi, na nyingine. Ninayojifunza mimi inaitwa Bharatanatyam, na kwao ni kusini, katika jimbo la Tamil Nadu. Hapa Kenya hata majirani zetu wengi wenye asili ya Kihindi si Watamili. Wengi ni Wagujarati na Wapunjabi, na Mgujarati akikualika kwenye sherehe za Navratri utachezeshwa garba, siyo hii. Kwa hiyo darasani kwetu karibu sote ni wageni. Tofauti ni kwamba wenzangu wana miaka minane, nami nina kipara kinachoanza.

Nilianza hivi. Nilikuwa nimeitwa kwenye ukumbi mmoja kutengeneza mfumo wa kuhifadhi nafasi. Nikiwa nimepiga magoti chini ya meza natafuta waya, nikasikia kutoka chumba cha pili sauti ya kijiti kikigonga ubao. Tak, tak, tak. Juu ya kijiti kulikuwa na sauti ya mwanamke akitamka silabi kwa kasi, kama mtu anayesoma nambari za siri, na juu ya silabi hizo miguu ilikuwa ikijibu sakafuni. Nikaanza kuhesabu. Nne, nne, nne, sawa. Kisha ikaja saba. Kisha ikaja kitu nilichodhani ni tano, halafu nikapotea kabisa, lakini wao hawakupotea. Wote walitua pamoja, pigo moja, kisha kimya.

Mimi ni mtu wa hesabu. Kitu kikinishinda kuhesabu, silali.

Nilipomaliza kazi nilisimama mlangoni hadi mwalimu akatoka. Nikamuuliza kama anafundisha watu wazima. Alinitazama tumbo, kisha miguu, akasema kwa Kiswahili safi cha Nairobi, "Mimi nafundisha wanaokuja." Nikaja. Watoto humwita Akka, yaani dada mkubwa kwa Kitamili, basi nami humwita Akka ingawa nadhani tumepishana miaka michache tu.

Darasa halianzi na kucheza. Linaanza na namaskaramu, salamu ya mwili mzima: unapiga miguu, unazungusha mikono, unachuchumaa, unagusa ardhi kwa vidole, unapeleka vidole machoni. Akka alinieleza maana yake. Kwa saa zima utakuwa ukiipiga ardhi kwa nyayo, kwa hiyo unaiomba radhi kwanza. Kumbukeni salamu hiyo, maana itarudi mbele na kuniletea balaa.

Baada ya hapo huja araimandi, na hapa ndipo watu wazima huanza kutafuta visingizio. Unaunganisha visigino, unaelekeza vidole vya miguu pembeni, unakunja magoti kuelekea nje, kisha unashuka nusu, mgongo wima kama mlingoti. Si kukaa, si kusimama. Kutoka mbele, mapaja na miguu hufanya umbo la almasi. Sehemu kubwa ya densi huchezwa ukiwa hapo chini. Siku ya kwanza nilidumu kama dakika moja. Msichana mmoja wa miaka saba, aliyekuwa kando yangu, alinitazama kwa huruma kabisa.

Halafu kuna hatua zenyewe, ziitwazo adavu. Ya kwanza ni tata adavu, na ni kupiga mguu tu. Mguu unainuka hadi karibu na paja, unashuka bapa, sakafu inalia. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kila adavu huchezwa kwa kasi tatu: ya kwanza polepole, ya pili mara mbili, ya tatu mara nne, lakini kijiti cha mwalimu hakibadiliki. Yaani saa ni ileile, wewe ndiwe unayejaza vitu vingi zaidi ndani ya kila sekunde. Nilipoelewa hilo nilitabasamu. Kila siku najaribu kuifanya seva ifanye hivyohivyo.

Sasa wapenzi wa hesabu sogeeni karibu.

Mzunguko wa mapigo huitwa tala. Unaotumika zaidi ni Adi tala, wenye mapigo 8, nao huhesabiwa kwa mkono. Piga kofi, kisha gusa kidole kidogo, cha pete, cha kati: manne hayo. Kofi, geuza kiganja: mawili. Kofi, geuza kiganja: mawili. Ndani ya mzunguko huo unaweza kupanga silabi kwa jamii tano: 3, 4, 5, 7 na 9. Tatu ni ta-ki-ta. Nne ni ta-ka-di-mi. Tano ni ta-ka-ta-ki-ta. Saba ni tatu na nne zikiunganishwa, na tisa ni nne na tano. Ile siku niliyokuwa chini ya meza, miguu ilikuwa ikitembea kwa tano juu ya mzunguko wa nane. Kifungu cha 5 kikirudiwa juu ya mzunguko wa 8, viwili hivyo hukutana tena mwanzoni baada ya mapigo 40. Mimi nilikuwa nimekata tamaa kwenye la 15.

Kitu kilichonimaliza ni tirmanamu, ule mmalizio. Kanuni yake ya kawaida ni hii: chukua kifungu kimoja, kirudie mara tatu, acha nafasi sawa katikati, na mguu utue juu ya pigo la kwanza la mzunguko unaofuata. Mzunguko wa Adi tala ukigawanya kila pigo mara nne una vipande 32. Basi kama kifungu kina urefu K na nafasi ina urefu N, unatafuta 3K + 2N = 32. Nilirudi nyumbani, nikafungua Python, nikaandika mistari sita. Majibu ni matano tu: kifungu cha 2 na nafasi ya 13, cha 4 na 10, cha 6 na 7, cha 8 na 4, na cha 10 na 1. Nikayachapisha kwenye karatasi, Jumamosi nikampelekea Akka kama mtoto anayepeleka ripoti nyumbani.

Akka aliisoma yote. Alifurahi, sisemi uongo. Aliweka alama kwenye 10 na 1 akasema hiyo ni nzuri. Kisha akachukua kijiti, akasema, "Haya, icheze."

Lo! Sikuweza hata mara ya kwanza ya zile tatu. Nilijua hasa mguu unapaswa kutua wapi. Ningeweza kukuandikia uthibitisho. Lakini mguu wenyewe ulitua popote ulipotaka, na watoto wakaangua kicheko, nami nikacheka, ila jioni nilipokuwa kwenye matatu nikielekea nyumbani sikucheka. Nilikuwa nimezoea kazi ambayo kuelewa ndiyo kufanya. Nikielewa hitilafu, nusu ya kazi imekwisha. Hapa nilikuwa nimeelewa kila kitu na sina chochote.

Kuna jambo jingine la hesabu siwezi kuliacha. Kila aliyesoma kompyuta amekutana na nambari za Fibonacci mwaka wa kwanza: 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34. Kitabu cha Fibonacci kilitoka mwaka 1202. Lakini wataalamu wa mashairi ya Kisanskriti walizijua kabla yake, na msomi Hemachandra alizieleza mnamo 1150, zaidi ya miaka 50 mapema. Walikuwa na swali la mdundo. Silabi fupi ina pigo moja, ndefu ina mawili. Je, mapigo 8 yanaweza kujazwa kwa njia ngapi? Jibu ni 34. Ili kulipata, jumlisha njia za kujaza 7 na njia za kujaza 6, maana silabi ya mwisho lazima iwe fupi au ndefu. Sisi shuleni tulihesabu mizani, 8 ukwapi na 8 utao, na kila silabi ilikuwa na uzito mmoja. Wenzetu walikuwa na uzito wa aina mbili, na ndipo hesabu ikawatokea mikononi. Miaka yote nilikuwa nikifundisha vijana fomyula hiyo kwa mfano wa sungura wanaozaana. Siku hizi naifundisha kwa makofi.

Turudi kwenye aibu yangu. Mtu mwenye akili angetulia na tata adavu yake. Mimi nilifanya kile ambacho hufanywa na kila mwandishi wa programu asiye na subira: niliruka sura. Nilitafuta video, nikajifunza peke yangu sebuleni densi nzima inayoitwa alaripu, ile inayofungua onyesho. Nilikuwa nikicheza usiku baada ya kazi, juu ya saruji, mbele ya kioo cha kabati. Baada ya miezi minne nikamwambia Akka nina kitu cha kumwonyesha. Nilicheza yote, mwanzo hadi mwisho. Sikukosea hatua hata moja.

Akka alikaa kimya. Kisha akauliza, "Goti linauma?"

Lilikuwa linauma. Lilikuwa limeuma wiki sita, nami nilikuwa nalificha hata kwangu mwenyewe. Alipiga magoti, akanionyesha kwa kidole. Katika araimandi mguu unapaswa kugeukia nje kutoka kwenye nyonga. Nyonga zangu, zilizokaa kitini miaka 15, zilikataa kufunguka, basi nilikuwa nikilazimisha kutoka chini, yaani nikilisokota goti. Kwa kila pigo la mguu, na yanakuwa mamia kwa jioni moja, nilikuwa nikiliumiza. Video haikuweza kuniona. Ilinionyesha umbo, lakini haikuwa na njia ya kujua umbo hilo nimelipata wapi.

"Pumzika wiki nane," Akka akasema. "Ukirudi, mstari wa nyuma. Tata adavu, kasi ya kwanza."

Yaani nirudi mwanzo kabisa. Baada ya mwaka na miezi miwili! Siku hiyo niliapa sirudi tena. Kazini tukiharibu kitu tunarudisha toleo la jana, tunaendelea. Goti halina toleo la jana.

Katika zile wiki nane, kwa kuwa sikuweza kucheza, nilisoma. Nikagundua kwamba densi niliyokuwa nikiikimbilia imewahi kuwatoka watu mikononi kwa namna ya kuumiza sana. Hapo zamani iliitwa sadir, na wenyewe walikuwa wanawake walioitwa devadasi, waliowekwa wakfu kwa mahekalu, wakicheza pamoja na walimu wao wa kiume waliorithishana kazi hiyo baba kwa mwana. Kuanzia mwaka 1892 kampeni ya kuwapinga ilipamba moto Madras, jiji ambalo leo ni Chennai. Mambo ya kupinga yalikuwepo kweli, maana wasichana wadogo walitolewa wakfu bila kuulizwa. Muthulakshmi Reddy, daktari na mwanasiasa aliyepigania kukomeshwa kwa desturi hiyo, mama yake mwenyewe alitoka katika jamii hiyo. Mwaka 1947 sheria ikapitishwa Madras. Lakini pamoja na desturi, wanawake wenyewe nao waliaibishwa, na wengi wakaiacha densi.

Wakati huohuo densi ilikuwa ikipewa jina jipya na nguo mpya. Rukmini Devi Arundale, mwanamke wa familia ya Kibrahmini, aliicheza hadharani mwaka 1935, na mwaka 1936 akaanzisha chuo kinachojulikana leo kama Kalakshetra. Ni kwa sababu yake na wenzake kwamba mzazi wa tabaka la kati anaweza leo kumpeleka binti yake darasani bila soni. Ni kwa sababu yake, ukifuatilia uzi hadi mwisho, kwamba mimi niko Parklands. Upande mwingine alikuwepo Balasaraswati, mzaliwa wa familia iliyorithi sanaa hiyo, ambaye hakukubali kwamba densi ya mama na bibi zake ilihitaji kusafishwa. Mwaka 1976 Satyajit Ray alitengeneza filamu fupi juu yake. Niitazame mara ngapi? Anacheza ufukweni, bahari nyuma yake, upepo unavuta sari. Alikuwa karibu miaka 58. Miguu yake haifanyi mambo mengi. Ni uso, na mikono, na huwezi kuangalia pengine.

Nikafunga kompyuta, nikajiuliza: mimi nilikuwa nikikimbilia nini hasa? Watu walinyang'anywa kitu hiki, wengine wakakishika wasikiachilie, nami nimeshindwa kuvumilia kusimama mstari wa nyuma?

Nilirudi. Mstari wa nyuma, kasi ya kwanza. Nilikaa hapo miezi saba. Sitawadanganya kwamba nilifurahia kila siku. Lakini asubuhi moja, sikumbuki hata tarehe, tulikuwa tukicheza kasi ya tatu nami nilikuwa nikiwaza kama nimelipa bili ya stima, ghafla nikagundua mguu umetua mahali pake bila mimi. Sikuhesabu. Nilitafuta zile nambari kichwani na hazikuwepo. Zilikuwa zimeshuka chini. Nadhani ndiyo sababu Akka hakutaka karatasi yangu. Karatasi ilikuwa sahihi, ila ilikuwa imekaa mahali pasipofaa.

Mwaka wa tatu Akka akanipa njuga. Kitamili huitwa salangai, kengele ndogo za shaba zilizoshonwa kwa safu kwenye ngozi, unafunga juu ya vifundo. Huzivai siku ya kwanza tu kwa sababu umelipa karo. Unangoja mwalimu aseme. Nilizipeleka nyumbani kwenye begi la kompyuta kama mtu aliyeiba.

Na kweli nilikuwa naficha, maana bado sijawaambia kuhusu mama.

Mama yangu anaishi Kakamega, ni mtu wa kanisa, tena si wa Jumapili pekee. Kila Jumamosi alikuwa akipiga simu akikuta imezimwa, jioni namwambia nilikuwa kazini. Miaka mitatu! Halafu akaja Nairobi kwa kliniki ya macho. Usiku alihisi baridi, akafungua kabati kutafuta blanketi, na kitu kikalia.

"Baba, ebu njoo hapa."

Nikaenda. Alikuwa amezishika njuga kwa vidole viwili, mbali na mwili.

"Umeanza uganga?"

Wasomaji, nimewahi kuulizwa maswali magumu na wakaguzi wa hesabu, lakini si kama hilo. Nikamweleza yote: ukumbi, waya, kuhesabu, Akka, goti. Nilipofika kwenye salamu ya kugusa ardhi akanikatiza. "Unainamia nani?" Nikamwambia mimi huinamia ardhi ninayokwenda kuipiga, na kwamba wenzangu wengi wana maana zao za dini, nami siwaambii wana makosa. Densi yenyewe imejaa hadithi za Shiva na Krishna, sikumficha. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kuniambia maishani.

"Mimi niliacha yangu nilipookoka. Wewe umeenda kutafuta ya watu."

Yake ilikuwa isukuti. Mama ni Mwidakho, na densi hiyo ya Waisukha na Waidakho ina ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na huchezwa harusini, matangani, mtoto akizaliwa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mimi nilijua hayo kwa kusoma mtandaoni. Sikujua kwamba mama alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiitwa vijiji vya mbali kuja kucheza. Hakuna aliyewahi kunifundisha, na sasa nilielewa kwa nini. Nilikuwa nimesikitika usiku kucha juu ya wanawake wa Madras walioaibishwa wakaacha densi yao, kumbe mmoja wa kusikitikiwa alikuwa akinipikia ugali miaka yote. Yeye hakulazimishwa na sheria, alichagua mwenyewe, na hataki kuhurumiwa. Lakini alikuwa na kitu, akakiweka chini, wala mimi sikuuliza.

"Basi cheza nione," akasema.

Saa nne usiku, jirani wa chini amelala. Nilifunga njuga. Nikacheza alaripu, ile ileile iliyonivunja goti, safari hii polepole. Huanza na macho, kisha shingo, kisha mabega, mwili unaamka kipande kwa kipande, katika hesabu ya tatu. Kwenye shingo mama akacheka kwa sauti, "Hiyo shingo uliitoa wapi?" Halafu akanyamaza. Nikiwa katikati nikaona vidole vyake juu ya mkono wa kiti. Vilikuwa vinapiga ta-ki-ta. Hakuna aliyemwambia ni tatu.

Nilipomaliza nilikuwa nahema. Mama akafikiri kidogo.

"Miguu iko," akasema. "Lakini uso ni kama wa mtu anayesoma barua ya benki."

Wiki mbili kabla ya hapo Akka alikuwa ameniambia, "Miguu inaongea, uso umezimika." Nusu ya pili ya densi hii, abinaya, ni ya uso na mikono, kusimulia hadithi bila kusema neno, na hapo ndipo nilipokwama hadi leo. Hakuna mlinganyo wa kuandika. Mwanamke mmoja kutoka Chennai na mwingine kutoka Kakamega, hawajawahi kuonana, wamenipa ripoti ileile ya hitilafu.

Sitasema kwamba tulipatana usiku ule. Mama aliniomba nisizipeleke njuga nyumbani Krismasi, na sikuzipeleka. Anaendelea kuniombea, na naamini njuga zimo kwenye maombi. Lakini kabla ya kulala alisimama, akashika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja, akaniambia nitazame mabega, siyo miguu. Akacheza isukuti, kama pumzi nne hivi, mabega yakitetemeka kama maji yanayochemka na uso umewaka wote. Kisha akakaa. "Umeona uso uko wapi?" Kitambo kikapita, akaongeza, "Na usimwambie pasta."

Sijamwambia. Nimewaambia ninyi tu.

Siku hizi nikiwasha simu Jumamosi saa sita na nusu, ujumbe wa kwanza mara nyingi ni wake. Hauulizi niko wapi. Unauliza kama uso umefika.

Basi, wateja wangu, mfumo ukianguka Jumamosi asubuhi, kuna kijana wa zamu na namba yake mnayo. Hamtanisikia nikisema tena niko garejini. Na ninyi wasomaji, kama kuna kitu mnajifunza kwa siri, au kitu mzazi wako aliweka chini hujamuuliza, niandikieni. Lakini muulize yeye kwanza. Mimi nilichelewa miaka 38.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.